Siku Uliyoikataa Pikipiki Yangu

Nafula, mama yangu,

Umetoka kwenda Ntinda kuwaaga wenzako wa kituo cha betri, na mama yako yuko jikoni anakukaangia chapati za safari. Zimekuwa nyingi kiasi kwamba nimemuuliza kama unakwenda Nairobi au unakwenda vitani. Amenifukuza. Kwa hiyo nimekuja kukaa gereji, nimefunga mlango nusu ili watu wajue leo ni Jumapili, nimefuta oili mezani, nikachukua kalamu. Mimi si mtu wa kuandika, unajua risiti zangu zilivyo. Lakini kuna mambo ambayo nikijaribu kuyasema kwa mdomo kesho pale kwenye basi, nitaanza kukohoa na kujifanya naangalia matairi. Bora niyaandike.

Sitakuandikia habari ya kula, ya kulala mapema, wala ya watu wa kuogopa. Mama yako ameshakuambia hayo mara saba, na shangazi yako wa Bungoma amekupigia simu akakuambia mara ya nane. Mimi nataka kukuandikia habari ya pikipiki, na ya siku ile ya mlima wa Lubaga, ambayo mtaa wetu mzima wa Kibuli unaizungumza isipokuwa sisi wawili.

Naanzia mbali kidogo, nivumilie. Nilivuka mpaka wa kuingia Uganda pale Malaba nikiwa kijana, miaka michache baada ya vita kwisha, nikiwa na spana kumi na moja ndani ya gunia la sukari. Kuta nyingine za Kampala bado zilikuwa na matundu ya risasi. Kiluganda sikujua hata salamu. Nilipofungua kinywa kwa Kiswahili watu walishtuka, kwa sababu Kiswahili hapa walikuwa wamekizoea kwa askari, tena kwenye kizuizi. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza mama mmoja muuza ndizi njia ya kwenda Kibuli. Alinipa ndizi nne na kuondoka mbio. Nilizila, maana nilikuwa na njaa, lakini niliumia moyoni pia.

Kilichoniokoa katika mji huu ni sikio. Mtu akileta pikipiki sikumuuliza ina nini. Nilimwambia aiwashe, nikafunga macho, nikasikiliza, nikamwambia ni valvu, au ni kabureta, au wewe bwana umeweka oili ya kukaangia samaki. Sikukosea mara nyingi. Wakaanza kuniita Fundi Sikio, na jina hilo lilinipa mke, nyumba na gereji hii ninamoandikia. Na wewe ulizaliwa na sikio hilo hilo. Ulikuwa huna hata miaka sita, umekaa hapo kizingitini na kikombe chako cha uji, pikipiki inapita nyuma ya ukuta, huioni, unasema: baba, ile, mnyororo wake umelegea. Nilikuwa natembea mtaani nimevimba kwa furaha. Nilimwambia kila mtu kwamba gereji imeshapata mwenyewe.

Halafu ukamaliza shule na kuniambia unataka kusomea betri.

Nakumbuka nilivyokujibu. Nilisema betri ni za tochi. Nilisema umeme ni kazi ya watu wanaovaa mashati meupe na kuogopa uchafu, na kwamba Mungu alikupa sikio, usiende kulizika darasani. Mama yako alikwenda kukuandikisha chuo bila kunishirikisha, na mimi nikajua siku uliyorudi nyumbani na mita ya kupimia umeme umeining'iniza shingoni. Nilinuna mwezi mzima. Mama yako aliniacha ninune, akawa ananiwekea chakula na kuondoka zake.

Haikuchukua muda, pikipiki za umeme zikaanza kuonekana. Kwanza moja moja, halafu nyingi. Hazina plagi, hazina kabureta, hazibadilishwi oili. Waendesha bodaboda niliowatibia pikipiki zao miaka kumi walikuwa wanapita hapa mbele kimya kimya, wananipungia mkono kwa heshima na kuendelea. Hakuna kitu kinachouma kama kupungiwa mkono na mteja anayepita. Mwenye jengo akaja kuniambia, kwa upole, kwamba kuna mama anatafuta mahali pa kufungua saluni. Hapo niliogopa kweli, Nafula. Sikukuonyesha, lakini niliogopa.

Ndipo nikaenda kununua pikipiki ya umeme, ile nyekundu.

Mwenyewe alikuwa bwana mmoja wa Ntinda aliyeitumia kidogo, ndivyo alivyosema. Niliikagua kama nilivyozikagua pikipiki maisha yangu yote. Nikatazama matairi, nikavuta mnyororo, nikabonyeza shokabsoba, nikazungusha gurudumu kutafuta beringi mbovu. Halafu, kwa mazoea, nikamwambia aiwashe, nikafunga macho nisikilize. Nilisimama hapo muda mrefu. Mwishowe yule bwana akaniuliza kwa sauti ya chini: mzee, unaomba? Nikafungua macho, nikaona taa ya chaji inaonyesha imejaa, nikasema pikipiki ni nzima. Wewe wakati huo ulikuwa kazini, mwendo wa dakika kumi kutoka pale. Ningeweza kukuita. Sikukuita kwa sababu sikutaka mwanangu anikagulie pikipiki mbele ya mtu.

Ilinizimikia kwenye mlima wetu huu wa Kibuli, chini kidogo ya msikiti, siku ya Ijumaa, watu wanatoka kuswali. Nikaiwasha, ikaenda hatua ishirini, ikazima. Nikarudia, ikazima. Mzee mmoja wa kanzu akaja kunisaidia kusukuma, akaniuliza kama nimeishiwa mafuta. Nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya mzee wa watu mlangoni pa msikiti.

Jioni ulikuja na mita yako, ukapima, ukacheka kidogo, ukaniambia: "Baba, betri ikiwa imepumzika inajisifu. Iulize ikiwa mlimani, imebeba mzigo." Ulikuwa umesema kweli tupu. Mle ndani kulikuwa na fungu moja la seli lililochoka, likikaa bure linaonyesha limejaa, likipewa kazi linaanguka, na ile bodi ndogo ya ulinzi inakata umeme ili betri isijidhuru. Ulinieleza yote hayo vizuri. Mimi nilichosikia ni mtoto anamfundisha Fundi Sikio kazi. Nikakujibu, nani amekuambia mimi sijui milima.

Unaona nilivyo. Naandika haya nacheka mwenyewe, lakini siku ile sikucheka.

Sasa nifike kwa Ssalongo. Unamjua wewe, lakini nataka kuyapanga mambo kama yalivyokuja. Mwenyekiti wetu huyu wa steji ya bodaboda ya chini, baba wa mapacha, mtu wa mwili na wa kicheko, alikuja hapa na kukaa juu ya lile tairi la lori. Akasema wenzake ishirini wa steji wamechoka na petroli, wanataka kuhamia kwenye umeme, ila wameziona pikipiki zenyewe zinachoka mlimani zikibeba mizigo ya sokoni. "Mzee," akaniambia, "yako hii inapanda mlima ama inaenda tu kwa harusi?" Nikamwambia inapanda. Akasema basi tufanye hivi: uipandishe Lubaga mpaka kanisani, mimi nyuma, na mikungu mitatu ya matoke. Ikipanda, na ikikaguliwa ikapita, zetu zote ishirini zinakuja kwako kurekebishwa na kutunzwa. Isipopita, tunatafuta fundi mwingine.

Nikamuuliza nani atakagua. Akasema: "Binti yako. Hapa hakuna mwingine anajua betri. Sisi tutaangalia macho yake."

Nilifurahi, mama. Niseme ukweli, nilifurahi kwa sababu mbaya. Niliona mambo yameisha. Gereji imepona, mama wa saluni atafute kwingine, na mkaguzi ni damu yangu. Hata tulipokaa kula, nilikuambia kesho usituchoshe na mambo ya mita, watu wana kazi. Ukasema, "Nitakagua, baba." Mimi nikasikia ndiyo.

Lakini pikipiki yenyewe ilikuwa bado inazima mlimani, na mimi nilikuwa nimeshapata dawa yake. Nilifungua sanduku la betri, nikachukua kipande cha waya mweusi mnene, urefu wa kiganja changu, nikauunga kuiruka ile bodi ya ulinzi. Umeme ukawa unatoka kwenye betri moja kwa moja kwenda kwenye mota, hakuna wa kuukata. Nikaijaribu, ikaruka kama mbuzi. Nilijiona mtaalamu.

Siku yenyewe unaikumbuka. Steji yote ilikuja, na wauza chai, na watu wasiohusika. Tulipanda Lubaga na Ssalongo amenishika mabega na mikungu imening'inia kila upande, na ile nyekundu haikusita hata mara moja. Tulipofika juu uwanjani kwa kanisa watu walipiga vigelegele. Ssalongo alishuka akaanza kunikumbatia na kofia yangu ikaanguka. Hiyo ilikuwa dakika tamu. Niliishi ndani yake kama dakika tatu.

Wewe ulikuja polepole, ukapiga magoti, ukaweka mgongo wa mkono wako kwenye sanduku la betri. Ukauacha pale. Halafu ukatoa bisibisi, ukafungua skrubu nne, ukatazama ndani. Ulitazama muda mrefu. Ukaniuliza, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, "Baba, waya huu ni wa nini?"

Ulinipa nafasi. Nimekuja kuona baadaye kwamba ulinipa nafasi. Mimi nikasema ni wa kusaidia.

Ukasimama, ukafuta mikono, ukamwambia Ssalongo: "Haijapita."

Akakuita bibi kwa Kiluganda chake: "Lakini imepanda, nnyabo. Sisi wote tumeona."

"Imepanda," ukasema. "Na siku moja itaungua na mtu juu yake. Haijapita." Ukaandika kwenye karatasi, ukatia sahihi, ukampa.

Na mimi mbele ya watu wote wale, mbele ya kanisa, nilisema sikusomesha mtoto, nilipoteza mtoto. Nimeandika maneno hayo hapa ili uone kwamba nayakumbuka yalivyokuwa, sijayapunguza. Jioni hiyo ulihamia Ntinda kwa rafiki yako. Wiki tano hatukusemezana.

Wiki tano hizo niliendelea kuendesha ile pikipiki na waya wake. Kwa kiburi tu. Kila siku isiyoungua niliihesabu kama ushahidi dhidi yako. Niliwaambia watu, mnaona, binti anaogopa moto asiouona.

Siku ya Jumamosi moja nilimchukua mama yako sokoni Nakasero. Tulikuwa tunarudi, tumekaribia nyumbani, nikasikia harufu tamu, kama rangi ya kucha. Sikuijali. Mama yako akanigonga mgongoni: "Baba Nafula, kiti kinaniunguza." Nilisimama hapo hapo, tukashuka, na kabla hatujafika ng'ambo ya barabara moshi mweupe ulitoka kwenye sanduku, mwingi, kwa kelele ya kuzomea, halafu ukaja moto. Kiti kikayeyuka. Watu walileta mchanga wa ujenzi kwa makarai wakaufunika. Mama yako alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtaro, kiatu kimoja hana, nyanya zimetapakaa kila mahali. Alikuwa mzima. Hakuwa na hata alama. Nilipiga magoti nikamshika miguu na kuiangalia yote miwili mara nyingi, watu wakidhani nimechanganyikiwa.

Hakunigombeza. Alisema, "Jumatatu utakwenda Ntinda." Halafu akaniomba nimtafutie kiatu.

Basi nikaja kituoni kwako. Ulikuwa na foleni ya watu kama kumi na watano wanabadilisha betri, na mimi nikasimama nyuma yao na helmeti mkononi kama mteja mwingine. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha, mazuri, ya kanisani kabisa. Zamu yangu ilipofika ukaniangalia, ukasema, "Una tatizo gani, mteja?" Yale maneno yote yakayeyuka. Nikasema, "Waya." Ukaniuliza, "Mama?" Nikasema ni mzima. Niliona mabega yako yakishuka. Ukasema, "Nisubiri nimalize foleni." Na ukamaliza foleni, mmoja mmoja, na mimi nimekaa kwenye kreti ya soda, mwanaume wa miaka yangu, nasubiri mwanangu anisamehe baada ya saa za kazi. Ilikuwa haki yangu.

Kuanzia hapo ndipo sehemu ninayoipenda, na ndiyo sababu niko na raha leo hata kama machozi yananisumbua.

Tuliitengeneza upya ile nyekundu tukiwa wawili. Fremu ilikuwa imepona, na mota pia. Ulipata betri nyingine, ukaipima kila fungu la seli ikiwa imepumzika, kisha ikiwa na kazi, ukanilazimisha niandike namba kwenye daftari, na mwandiko wangu ukakuchekesha. Tulipoijaribu mlimani na bodi yake ya ulinzi ikiwa mahali pake, ikakata umeme tena. Uliguna, ukasema mota inavuta umeme kupita kiasi na hujui kwa nini, kila kipimo ni sawa. Nikakuambia niachie niiendeshe taratibu. Nikafunga macho kidogo, usimwambie mama yako, nikasikiliza. Na Nafula, kile kitu kina sauti. Ni ndogo, iko chini kabisa, lakini ipo. Niliisikia inaguna kama mtu anayeinua gunia kwa mgongo badala ya miguu. Nikarudi nikakuambia, betri yako haina kosa, mota haina kosa, gia ni ndefu, ya mbio kuliko ya mlima. Tuiwekee spoketi ya nyuma, lile gurudumu la mnyororo, yenye meno mengi zaidi.

Ulinitazama kama ulivyokuwa unanitazama ukiwa na kikombe chako cha uji. Tukabadilisha. Tukapanda. Ukaangalia mita yako na kusoma namba kwa sauti, ukarudia kuisoma, kisha ukanipiga ngumi begani ikaniuma siku mbili. Umeme uliokuwa unavutwa ulikuwa umeshuka, bodi haikukata, na sanduku la betri lilikuwa baridi kama meza. Bila waya wowote wa kuiruka bodi. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikidhani umeme umekuja kuliua sikio langu, kumbe lilikuwa linahitaji mtu wa kulihakikisha kwa mita.

Tulirudi Lubaga. Ssalongo yule yule, mikungu mitatu, steji yote, na safari hii wauza chai walikuwa wengi zaidi maana habari ya moto ilikuwa imeenea. Ilipanda polepole kuliko mara ya kwanza, watu wengine walianza kunong'ona. Lakini ilipanda, haikusita, haikukata. Ulipopiga magoti na kuweka mkono wako pale kwenye sanduku, nilikuwa na hofu kuliko siku niliyovuka Malaba. Ulifungua skrubu zote nne ingawa ulikuwa umezifunga mwenyewe jana yake. Ulipima kila fungu. Ulizungusha gurudumu mara tatu. Hukuharakisha hata kidogo eti kwa sababu ni baba yako, na kwa hilo nilikupenda hadi kifua kikauma. Halafu ukasimama.

"Imepita," ukasema.

Ssalongo alininyanyua juu. Mimi mzima, na tumbo langu. Alipiga kelele ya "Fundi Sikio" na steji yote ikaitikia, na padri mmoja akatoka kuangalia ni nini, na mimi nililia waziwazi kama mtu aliyefiwa kumbe amefufukiwa. Zile ishirini zilikuja, Nafula, ulizikagua moja baada ya nyingine, na baada yake zikaja za Kabalagala, na wiki iliyopita mtu ametoka Entebbe. Mama wa saluni alifungua kwingine na mama yako ni mteja wake.

Zile karatasi mbili nilimwomba Ssalongo, nimezitundika ukutani, unazijua. Ile ya kukataliwa iko juu, ya kupita iko chini yake. Watu wanadhani nimekosea mpangilio. Hukuwa hapa siku yule bwana wa Nairobi alipokuja kutazama pikipiki zetu za milimani, kwa hiyo nikusimulie. Aliangalia spoketi, akauliza maswali mazuri, akanywa chai, halafu akaisoma ile karatasi ya juu. Akauliza pikipiki iliyokataliwa ilikuwa ya nani. Nikasema yangu. Akauliza mkaguzi ni nani. Nikasema binti yangu. Alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka, akaomba namba yako. Hivyo ndivyo kazi ilivyokutafuta. Sikumsihi, sikukusifia hata neno moja, na unajua hiyo kwangu ni mateso. Karatasi ilizungumza yenyewe.

Kesho unakwenda kukagua pikipiki zilizotumika, mamia kwa mamia, uamue ipi irudi barabarani na ipi ibaki. Watakuja watu kama mimi. Wengi hawatakuwa wezi. Watakuwa watu wenye kiburi kidogo na hofu nyingi, wenye mtu anayetaka kuwageuzia gereji kuwa saluni. Watakuambia imepanda, na itakuwa imepanda kweli. Na nyingine zitakuja zimechakaa, rangi imetoka, kiti kimeshonwa kwa kamba, na betri ndani nzima kabisa. Hizo pia zitazame vizuri, usizinyime haki yake kwa sababu ya sura. Nilikuona ukifanya hivyo kwa ile ya Mkongo wa pale sokoni, ile tuliyoicheka wote, ukaipitisha na bado inatembea.

Sasa kuna jambo moja hulijui, na ndilo lililonifanya nifunge mlango nusu.

Asubuhi ya ile siku ya kwanza ya Lubaga, kabla hamjaamka, niliijaribu pikipiki mlima wa Kibuli. Niliporudi nikagusa sanduku la betri. Lilikuwa la moto hata sikuweza kuuacha mkono juu yake. Nikachukua tambara, nikaliloweka maji, nikalifunika sanduku nalo mpaka likapoa, nikalikausha sanduku, nikaanika tambara, nikaja kunywa chai na wewe. Nilijua, Nafula. Si kwamba sikujua. Miezi hii yote nimewaachia watu waseme Fundi Sikio hakuelewa betri, alikosea, kila mtu hukosea. Mimi sikukosea. Nilijua ni moto na nikaupoza ili mwanangu asiusikie kwa mkono wake kabla ya safari, halafu nikampandisha Ssalongo juu yake, na wiki tano baadaye mama yako.

Ulipouweka mkono wako pale kule Lubaga na kuuacha, ulikuwa unashindana na baba aliyekudanganya, na ukashinda. Ndiyo maana nilikasirika vile. Mtu aliyekosea kwa kutojua hakasiriki hivyo. Nilisema nimepoteza mtoto siku ile ile niliyompata. Nisamehe, na hata usiponisamehe leo, ujue ulivyoshinda, kwa sababu ulikuwa hujui ulishinda nini.

Nimemwambia mama yako mchana huu. Alikuwa na mwiko wa chapati mkononi, nikakaa mbali kidogo. Akasema alijua tangu ile asubuhi, alilikuta tambara limeanikwa kwenye kamba ya nguo zake, akaelewa nilikuwa napoza nini. Ndiyo familia uliyozaliwa, wote wanajua, na mmoja tu ndiye aliyesema.

Nakusikia huko nje. Umerudi, unamcheka mama yako kwa chapati. Nitafunga barua hii niiweke ndani ya mfuko wa mita yako, utaiona mapema kwa sababu huwezi kukaa saa moja bila kuutazama.

Kesho nitakupeleka kwenye basi na ile nyekundu, wewe nyuma, begi mbele. Nimeichaji, nimekaza mnyororo, iko tayari. Lakini usipande kwa neno langu. Lete bisibisi. Nitasimama kando, mikono nyuma, steji nzima ikitazama, na utafungua skrubu zote nne. Ukikuta kitu, sema kwa sauti, na tutaliacha basi liende.

Baba yako,
Fundi Sikio